Kupakia nembo za zamani za televisheni kwenye Wikipedia ya Kiingereza

Usianzie Wikimedia Commons, hifadhi ya pamoja ya picha huru, maana huko hazipokelewi picha zinazotegemea hoja ya matumizi ya haki ("fair use", yaani kutumia kazi yenye hakimiliki bila ruhusa kwa sababu maalumu). Pakia moja kwa moja Wikipedia ya Kiingereza, yenye masharti 10 kuhusu kazi zenye hakimiliki. Fomu yake inaongoza vizuri: unajaza chanzo, mwenye haki, makala itakayobeba picha na sababu ya kuitumia. Picha ikitumika kwenye makala mbili, andika maelezo mawili ya sababu, moja kwa kila makala. Punguza picha hadi pikseli 100,000 hivi, mfano 400 kwa 250. Ukisahau, roboti huipunguza.

Wengi hukwama kwenye nembo iliyokwisha kuachwa. Kuipanga kama pambo tu hakutoshi, lazima makala iijadili. Mfano ni nembo ya tausi ya NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani: tausi wa 1956 alikuwa na manyoya 11 na alitangaza vipindi vya rangi; wa 1986 ana 6. Eleza badiliko hilo kwa vyanzo, na picha ina nafasi nzuri ya kubaki. Isiyotumika kwenye makala yoyote hufutwa baada ya siku 7, sharti kali lakini la haki kabisa.

Nembo ya Kimarekani yenye herufi tupu kwa kawaida haina hakimiliki, kwa hiyo hiyo ipeleke Commons.