Revit na ramani ya dari: taa inayopotea huku na huku

Kwa kuonyesha vitu vya dari kama taa, feni, vitambua moshi na mifereji ya hewa, Revit (programu ya kuchora majengo kwa modeli ya 3D) naipa alama za juu, mradi mtumiaji ajue inakata jengo wapi.

Kwa mipangilio inayokuja nayo ya kipimo cha metriki, ramani ya sakafu hukata jengo kwa mlalo wa kufikirika mita 1.2 juu ya sakafu na kutazama chini. Ramani ya dari hukata kwenye mita 2.3 na kutazama juu. (Haigeuzi kushoto kuwa kulia, kwa hiyo ukizipandanisha kuta zinakaa sawasawa.) Sasa chukua taa ya ukutani iliyofungwa kwenye mita 2. Ramani ya sakafu haiioni kwa kuwa iko juu ya mkato. Ya dari nayo haiioni kwa kuwa iko chini ya mkato. Kwenye mwonekano wa 3D ipo, kwenye jedwali la vifaa inahesabiwa, lakini fundi umeme akikabidhiwa karatasi hana habari nayo.

Wengi hukimbilia kupandisha mkato wa ramani ya sakafu. Sishauri: ukipita kimo cha milango na madirisha, mchoro wote unavurugika. Unaweza kushusha mkato wa ramani ya dari hadi mita 1.8 hivi, ila milango nayo itaanza kutokea imekatwa. Mimi huchora eneo dogo lenye upeo wake wa mwonekano (yaani vimo vyake vya mkato na vya kutazama) kuzunguka taa hizo tu, karatasi iliyobaki inasalia safi.

Kilichonivutia zaidi ni kuchagua fani ya mwonekano, yaani mchoro unatazamwa kwa jicho la mtaalamu gani. Ikiwa ya usanifu, dari ya jipsamu hufunika mifereji iliyo juu yake, na ni sawa kabisa, maana aliyesimama chumbani haioni. Ibadilishe iwe ya mekanika: kuta na dari zinafifia, mifereji inajitokeza juu yake. Modeli ni ileile, hakuna kuchora upya.

Ninachoipunguzia alama ni kutawanyika kwa mipangilio hii. Tena ukikuta sehemu ya upeo wa mwonekano ina rangi ya kijivu na haibonyezeki, usihangaike kuizima na kuiwasha programu. Ni kiolezo cha mwonekano (mipangilio ya pamoja inayotumika kwenye michoro kadhaa) kimeishikilia. Rekebisha ndani ya kiolezo chenyewe, na ghorofa zote zinazokitumia zitafuata.