Uzoefu wangu: Kufufua injini ya Yamaha DT175 kati ya Nakuru na Kisumu

Nitangulize jibu kwa wale wasio na muda wa kusoma yote. Kama una pikipiki kuukuu ya tustroki (injini ya mipigo miwili) na unaishi upande huu wa Kenya, silinda unaweza kuiribo (kuichonga upya iwe pana zaidi) Nakuru, lakini kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ipeleke Kisumu kwa mafundi wa injini za boti. Huduma zote mbili nimelipia mwenyewe, sina undugu na yeyote kati yao, na majina ya karakana sitayataja.

Pikipiki yenyewe ni DT175, ile yenye shoki moja ya nyuma iliyofichwa chini ya tangi, aina iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Niliinunua kwa afisa wa mifugo mstaafu kule Vihiga. Aliipanda enzi zake za kazi, kisha akaiegesha kwenye ghala la mahindi, ikakaa humo hadi kuku wakazoea kutagia kwenye kiti. Waliokulia mashambani wanaikumbuka mashine hii: mlio mkali unasikika kutoka ng'ambo ya bonde, harufu ya oili iliyoungua inafuata, na watoto wanajua afisa wa kilimo au padri anakuja.

Ilikuwa inawaka, na hilo ndilo lililowapoteza wengi walioitazama. Moshi mweupe mzito ulitoka hata injini ikishapata moto. Oili ya gia ilipungua bila tone kudondoka chini. Ukiachia aksileta, badala ya kutulia, injini inapanda yenyewe. Mafundi wa bodaboda niliowaonyesha pale Nakuru walitoa jibu moja: ringi. Siwalaumu. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, barabara zetu zimejaa Boxer na TVS, zote injini za mipigo minne, na kijana aliyejifunza ufundi baada ya hapo anaweza kustaafu bila kufungua tustroki hata moja. Lakini mmoja wao alipochukua nyundo ili kutoa magneto (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa injini), nilimwambia tu, "Ndugu yangu, asante, acha kwanza." Magneto hutolewa kwa pula yake, yaani kifaa maalumu cha kuivuta. Kranki ya injini hii imeunganishwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa presi, na ukiigonga kichwani unaipinda bila kuona.

Ugonjwa wenyewe unaeleweka ukijua jinsi mashine hii inavyopumua. Katika injini ya mipigo minne, chumba cha kranki ni cha oili tu. Katika tustroki ndimo petroli na hewa vinamopita kwanza, pistoni ikipanda inavinyonya ndani, ikishuka inavisukuma juu kupitia matundu ya pembeni mwa silinda. Kwa hiyo chumba hicho lazima kizibe kabisa. Sili (pete ya mpira inayoziba kuzunguka shafti) ya upande wa klachi ikikauka, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma, na huo ndio moshi mweupe. Sili ya upande wa magneto ikikauka, inanyonya hewa, mchanganyiko unakosa petroli na oili ya kutosha, pistoni inapata joto kupita kiasi na mwisho inashika ukutani. Yangu ilikuwa na dalili zote mbili. Mpira wa sili hauulizi kama pikipiki imetembea; ukikaa ghalani miaka mingi unakauka vilevile.

Tulipofungua hedi (kifuniko cha silinda), pistoni ilikuwa na mikwaruzo upande wa egzosti na muhuri wa 0.50 kichwani, yaani nusu milimita zaidi ya kipimo cha kiwandani. Maana yake silinda ilishapanuliwa mara mbili au ilirukishwa hatua. Kipimo cha kiwandani ni milimita 66, na pistoni za kupanulia huenda kwa hatua za robo milimita hadi 67. Nilichukua ya 66.75, ili ibaki nafasi moja zaidi kabla ya kulazimika kuweka slivu, yaani ukuta mpya wa ndani ya silinda.

Karakana ya Nakuru niliyoitumia huishi kwa silinda za malori na matrekta, na hilo lina faida na hasara. Faida ni mashine nzuri na mkono uliozoea. Hasara ni kwamba silinda ya lori haina matundu ukutani. Walitaka kuanza kwa kufuata namba iliyo kwenye boksi. Niliomba wapime kwanza pistoni yenyewe kwa maikromita, chini kwenye sketi, pembe mraba na pini, kisha silinda ifuate pistoni hiyo. Nafasi niliyotaka ni 0.04 hadi 0.05 ya milimita, na waliipata kuanzia juu hadi chini. Hapo nawapa heko bila kusita.

Kasoro ilikuwa kingo za matundu. Baada ya kuribo, kingo hubaki kali, na ringi inayopita hapo maelfu ya mara kwa dakika inaweza kunasa ikavunjika. Nilipouliza, mhudumu akaniambia zitajilainisha zenyewe zikitembea. Hazijilainishi, zinakula ringi. Msimamizi wao, mzee mpole aliyekuwa anakunywa chai pembeni, aliinuka, akachukua jiwe dogo la kunolea na kuzizungusha kingo zote kwa mkono, tundu baada ya tundu, bila kuongeza bei. Kwa hiyo ukienda karakana ya namna hiyo, semea jambo hili kabla hujaacha silinda yako, na uombe mzee aliyepo.

Kuhusu spea: sili na gasketi nilipata kupitia duka la Kirinyaga Road, Nairobi. Seti ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) iliagizwa kutoka nje, nikangoja, na ndiyo iliyoniumiza mfuko kuliko kitu kingine chochote. Beringi za kranki nilinunua kwa muuzaji wa beringi za viwandani, si kwenye duka la pikipiki, kwa sababu bandia ni nyingi mno. Nenda na ile ya zamani, soma namba, na hakikisha mpya ina C3 mwishoni, yaani imeachiwa nafasi zaidi ndani kwa ajili ya joto.

Sasa Kisumu. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria wanatumia injini za boti za tustroki, hasa zile Yamaha Enduro za nguvu farasi 15 na 40, na nazo zina kranki za kushindiliwa kama yangu. Kwa hiyo ufundi ulioisha barabarani bado unaishi ufuoni. Rafiki yangu wa Nyalenda alinielekeza kwa fundi mmoja upande wa Dunga. Kibanda cha mabati, presi ya haidroli, lethi (mashine ya kuchongea chuma) kuukuu, na vichwa vya injini za boti vimepangwa ukutani vikisubiri zamu. Alishika konrodi ya zamani, akaivuta juu na chini, akasikia mchezo, akanitazama. "Omera, hii ingekuachia njiani." Halafu akauliza swali ambalo hakuna fundi mwingine aliyeniuliza: "Umeipima hewa?"

Alitenganisha kranki kwa presi, akaweka konrodi, beringi na pini mpya, akashindilia tena. Hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kazi ndefu ni kuinyoosha. Kranki iliwekwa kati ya ncha mbili za lethi, geji ya saa ikaguswa kwenye shafti huku na huku, akawa anazungusha kwa kidole, anatazama mshale, anagonga kidogo kwa nyundo ya shaba, anazungusha tena. Nilitazama hadi shingo ikauma. Hakuridhika mpaka mshale ukawa unacheza ndani ya 0.03 ya milimita pande zote. Nilimwambia wengine wangeacha mapema zaidi. Akacheka: "Boti ikizima katikati ya ziwa, utashuka uisukume?"

Baada ya kufunga nusu mbili za chumba cha kranki (hakuna gasketi hapo, ni gundi nyembamba ya kuzuia mvujo) na kurudisha silinda, alifanya ule upimaji wa hewa. Aliziba tundu la egzosti na la kabureta kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya lori, akaunganisha pampu ya mkono na geji ndogo, akajaza hadi psi 6. Mshale ulitakiwa kusimama. Ukashuka taratibu. Akapaka maji ya sabuni kila mahali: sili hazina mapovu, maungio safi, gasketi ya chini ya silinda haina neno. Mapovu yakatokea kwenye mpira unaoshika kabureta, kwenye ufa usioonekana mpaka uukunje kwa vidole. Mpira ule nilikuwa nao mkononi Nakuru, nimeuosha, nimeusifu. Bila maji ya sabuni, pistoni mpya ingeenda kushika kwa sababu ya kipande cha mpira cha bei ndogo kuliko zote. Tulipobadilisha, mshale ulisimama tukanywa soda nzima ukiwa palepale. Hii ndiyo huduma iliyonifanya niandike haya yote.

Mambo mengine yalikwenda kawaida. Mshale wa pistoni uangalie egzosti, klipu za pini ziwe mpya, mdomo wa kila ringi ukae kwenye kipini chake, nati za hedi zikazwe kwa mkingamo. Silinda ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kwa sababu unga wa mawe ya kusugulia hautoki kwa petroli.

Pampu ya oili, ile Yamaha wanayoiita Autolube, ina ubishi wake. Mafundi wengi huiondoa na kukuambia uchanganye oili kwenye tangi. Mimi nimeibakiza na sijutii. Kutoka Kericho kushuka kuelekea Ahero, ukifunga aksileta kwenye mteremko mrefu, injini inazunguka kwa kasi huku petroli kidogo sana ikiingia. Kama oili iko ndani ya petroli, nayo inakosa. Pampu huendeshwa na mzunguko wa injini, kwa hiyo huendelea kutoa oili japo kidogo. Hata hivyo, mteremkoni mimi huvuta klachi mara kwa mara na kuipa injini aksileta kidogo. Ukiibakiza pampu, toa mapovu yote kwenye paipu kabla ya safari, na tangi la kwanza uchanganye pia kwa tahadhari. Mimi niliweka mililita 40 kwa kila lita.

Kuhusu oili, onyo la fundi mwenyewe: maduka ya ufuoni yanauza oili ya TC-W3, ambayo ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji. DT inapozwa kwa upepo na joto lake ni kubwa zaidi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO FC au FD, ambavyo ni viwango vya oili ya tustroki. Nilipenda kwamba aliniambia hivyo huku makopo ya TC-W3 yakiwa kwenye rafu yake.

Jambo la mwisho la kiufundi ni mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu mita 1,130. Kabureta ikirekebishwa Nakuru kwenye hewa nyepesi, ukishuka ziwani hewa nzito inafanya petroli iwe haba, na pistoni mpya haisamehe hilo. Mimi nimeacha jeti kuu (tundu la kabureta linalopima petroli) iliyo sawa kwa Kisumu. Nakuru pikipiki inakuwa nzito kidogo ikianza na plagi inakuwa nyeusi kuliko ninavyopenda, lakini nyeusi inasafishwa kwa brashi. Plagi nyeupe, dalili ya petroli haba, ndiyo ya kuogopa.

Imepanda barabara ya Menengai kwa gia ya tatu bila kulalamika, imeshuka genge la Nandi, moshi sasa ni wa asubuhi tu na oili ya gia iko palepale kwenye alama. Nguvu yake inakuja kwa ghafla katikati ya mzunguko, na jamaa wa bodaboda wakiisikia stejini wanasogea kuuliza kama inauzwa.

Kwa bei: kuribo kulikuwa nafuu kuliko pistoni, kazi ya kranki ilizidi kidogo bei ya pistoni, na konrodi ilizidi vyote. Nakuru ningerudi, nikiwa nimesimama kando ya mashine. Kisumu ningeacha kranki na kwenda zangu kula samaki. Ukituma kwa matatu ya vifurushi, ifunge ndani ya mbao, isitupwe chini ya kiti ikiwa imevikwa gunia. Na usitarajie injini mpya ikutibu umeme: taa ya volti 6 ni hafifu vilevile, jua likizama naiegesha.