Testa ya taa ya shilingi 6,000 iliyoniokoa na Land Rover yangu

Gari langu ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, petroli, injini ya lita 2.25, bado la platini, yaani vile vidoti viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana ili koili itoe cheche. Asubuhi moja napiga stata, injini inazunguka vizuri tu, haishiki. Nikachomeka plagi ya akiba kwenye waya, nikailaza juu ya chuma cha injini: hakuna cheche hata moja.

Fundi niliyemwita hakupima chochote. Alisema koili, ile inayokuza umeme wa betri uweze kuruka kwenye plagi, imekufa, nikanunua koili. Halafu akasema plagi, nikanunua nne. Hela imekwenda, gari halijawaka. Iliniuma sana.

Ndipo nikaenda duka la spea nikanunua testa: mpini wa plastiki wenye balbu ya volti 12 ndani, ncha kali kama sindano, na waya wenye klipu. Klipu nikaibana kwenye bodi, nikafungua swichi, nikagusa chanya ya koili. Taa ikawaka, umeme unafika. Nikahamia hasi, mwanangu akapiga stata. Hapo taa inatakiwa kuwaka na kuzima kila platini zinapofunguka na kufunga. Yangu, giza tupu. Nikachomoa ule waya mwembamba uendao kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, nikagusa hasi tena: taa ikawaka. Nikafunga koili ya zamani, ile iliyoitwa maiti, nayo ikawasha taa vilevile!

Basi umeme ulikuwa unaingia kwenye bodi humohumo ndani ya distribyuta. Nikarudisha waya, nikafungua mfuniko, nikaweka kipande cha kadi katikati ya platini zisigusane. Bado giza. Nikalegeza skrubu ya kondensa, ile inayozilinda platini zisiungue kwa cheche, na kuinyanyua isiguse chuma, na papo hapo taa ikawaka. Kumbe ni kondensa, kikopo kidogo kuliko kidole gumba, kimepiga shoti kwa ndani. Nikaweka mpya, nikarekebisha uwazi wa platini kuwa milimita 0.4, na gari likawaka kwa stata ya kwanza.

Testa hii ina upungufu wake. Juani mwanga hauonekani mpaka uukinge kwa kiganja. Haipimi umeme mkubwa, kwa hiyo usiipeleke kabisa kwenye ule waya mnene wa koili. Na kwa magari yenye kompyuta isitumike ovyo, kwa sababu balbu inavuta umeme mwingi kuliko saketi hizo zinavyoweza kubeba. Ila kwa gari la platini, chagua yenye balbu ya kawaida, si ya LED, maana LED huwaka hata umeme ukiwa hafifu na itakudanganya.

Klipu yangu ililegea katika mwezi wa pili wa kuitumia, nikaikaza kwa koleo. Sasa testa inakaa chini ya kiti cha dereva, imefungwa kwenye kitambaa kimoja na kondensa ya akiba.