Data Isikatike Ukiwa Unaongea: Mitandao ya Simu Kuanzia Inayofaa Hadi ya Kuepuka

Unaongea na mtu kwa simu, anakuomba umtumie mahali ulipo. Unafungua WhatsApp, unabonyeza kutuma, na kile kialama cha saa kinaganda kando ya ujumbe. Ramani nayo inazunguka tu. Ukikata simu, baada ya sekunde chache ujumbe unaondoka wenyewe. Bando halikuisha, na simu yako si mbovu. Ulichonunua ni laini ambayo haiwezi kubeba sauti na data kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuambia siku unainunua.

Chanzo ni kwamba 4G ilitengenezwa kubeba data peke yake. Haina ile njia maalumu ya sauti iliyokuwepo kwenye 2G na 3G. Kwa hiyo ukipiga au ukipigiwa simu ukiwa kwenye 4G, mtandao una mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kukushusha hadi 3G au 2G ili uongee huko, kisha kukurudisha juu ukimaliza. La pili ni kuigeuza sauti yenyewe kuwa data na kuipitisha humo humo kwenye 4G, na hiyo ndiyo VoLTE. Tofauti ya hizo mbili ndiyo msingi wa mpangilio wote hapa chini, na ina uzito kuliko kasi yoyote inayoandikwa kwenye matangazo.

Nafasi ya kwanza tunaipa laini yenye VoLTE inayokubali simu yako, na ikiwezekana yenye kupiga simu kupitia Wi-Fi pia. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde. Kwa kiwango cha kilobiti 12.65 kwa sekunde, ambacho hutumika sana kwa sauti safi, dakika nzima ya maongezi ni kama kilobaiti 95 tu kila upande, bila kuhesabu anwani za vipande hivyo. Ni mzigo mdogo mno, kwa hiyo kuongea hakupunguzi kasi ya unachopakua kiasi cha kukusumbua. Vipande vya sauti pia hupewa kipaumbele mnarani kuliko data nyingine, ndiyo maana faili kubwa linaloshuka haliharibu maongezi. Kuna mitandao inayotegemea njia hii peke yake: Jio ya India ilipoanza huduma Septemba 2016 haikuwa na 2G wala 3G kabisa.

Maneno ya kuzingatia hapo ni "inayokubali simu yako". Simu inaweza kuwa na VoLTE kwenye maelezo ya boksi na bado isiipate, kwa sababu mitandao mingi hufungua huduma hiyo kwa modeli ilizozijaribu na kuziidhinisha. Simu iliyotengenezewa soko la nchi nyingine huathirika zaidi. Jina la biashara ni lile lile, lakini namba ya modeli ni tofauti na programu ya ndani haina mipangilio ya mtandao wako. Matokeo yake unakuwa na 4G nzuri ya kuperuzi, na kila simu ikiingia unashushwa.

Usidanganyike na 5G. Sehemu nyingi simu ya sauti bado inabebwa na 4G hata pale alama ya 5G inapoonekana. Mtandao wenye 5G na VoLTE dhaifu utakusumbua vile vile.

Nafasi ya pili ni 4G inayoshuka hadi 3G. Njia hii haipendezi lakini inafanya kazi. 3G ya aina ya UMTS, ile inayoonyesha H au H+, hubeba sauti na data pamoja, kwa hiyo ramani itaendelea kusoma na barua pepe itafunguka, ila polepole zaidi. Dosari zake ni tatu. Simu huchelewa sekunde kadhaa kabla ya kuita. Upakuaji hukatika kidogo wakati wa kushuka. Na ukishamaliza kuongea, simu inaweza kubaki kwenye H+ kwa muda kabla ya kupanda tena. Tatizo kubwa zaidi liko mbele: 3G inazimwa. Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilizima yake Februari 2022. Mtandao ukizima 3G na kubakiza 2G, simu isiyo na VoLTE hushuka hadi 2G, na data inakufa. Na pale 2G na 3G zote zinapozimwa, simu hiyo haipigi kabisa hata kama intaneti inakimbia. Ukiona mtandao unakutegemeza kwenye 3G, uliza utaizima lini kabla hujalipa bando la miezi mingi.

Nafasi ya tatu ni kutumia laini mbili, moja ya kuongea na nyingine ya data. Watu wengi huikimbilia hii wakidhani imemaliza tatizo, kumbe simu nyingi za laini mbili zina redio moja inayogawana kazi. Laini ya kwanza ikiwa kwenye maongezi, ya pili inalala, na data yake inalala nayo. Dawa ipo kwenye mipangilio: iPhone zenye laini mbili, Samsung na Android nyingine nyingi zina swichi inayoruhusu data kuhamia kwa muda kwenye laini unayoongelea. Lakini angalia inavyofanya kazi. Data inatoka laini ya maongezi, kwa hiyo laini hiyo lazima iwe na bando lake na iwe na VoLTE. Isipokuwa na bando, salio la kawaida ndilo litakaloliwa. Kama kazi yako inahitaji uhakika, kifaa cha pili kabisa, iwe simu ya zamani inayorusha hotspoti au ruta ndogo ya mfukoni, ni bora kuliko laini mbili ndani ya simu moja, maana redio zake hazigombaniwi.

Nafasi ya nne ni mtandao usio na VoLTE lakini unaoruhusu kupiga simu kupitia Wi-Fi. Nyumbani na ofisini utafurahia. Ukitoka nje ya Wi-Fi katikati ya maongezi, simu inakatika, kwa sababu hakuna VoLTE ya kuipokea.

Ya mwisho, na ya kuepuka, ni 4G inayoshuka moja kwa moja hadi 2G. Alama ikigeuka E au G ukiwa unaongea, karibu kila simu husimamisha data mpaka ukate. Kama unarusha hotspoti, kompyuta iliyoungwa nayo inakatika papo hapo. Mitandao ya zamani ya CDMA, teknolojia nyingine ya simu tofauti na UMTS, ilikuwa na ugonjwa huo huo, ndiyo maana kwa miaka mingi wateja wa Verizon kule Marekani hawakuweza kuperuzi wakiongea huku wa AT&T wakiweza. Verizon ilizima CDMA yake mwishoni mwa 2022.

Kipimo cha kujua laini iko nafasi gani hakizidi dakika tatu. Zima Wi-Fi kwanza. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Hakikisha VoLTE imewashwa: kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya mitandao ya simu, chagua laini, kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio ya data ya simu, chini ya sauti na data. Tazama alama juu ya kioo, iwe 4G au LTE. Piga simu kwa mtu, apokee kweli, kisha subiri sekunde kumi na utazame tena. Ikibaki 4G, sauti inapita kwenye VoLTE. Ikiwa H+, uko nafasi ya pili. Ikiwa E, umeshajua. Kisha fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua, kwa sababu ukurasa wa jana unaweza kuwa umehifadhiwa ndani ya simu na ukafunguka hata data ikiwa imekatika. Rudia kwa kupigiwa, si kupiga tu.

Fanya hivyo chumbani unapolala, mahali unapofanyia kazi, na ukiwa kwenye gari linalotembea. Safarini kuna jambo la kuangalia: simu iliyoanza kwenye VoLTE ikipita eneo lenye 4G hafifu hushushwa hadi 3G au 2G, na kwa kawaida hairudi juu mpaka ukate. Ukiona data imezima njiani na haijarudi ingawa mnara uko karibu, kata upige upya.

VoLTE ikigoma kuwaka ingawa mtandao unasema ipo, kagua kadi ya SIM kwanza. Kadi za zamani sana za enzi za 2G haziingii 4G kabisa; omba ubadilishiwe kwa namba ile ile. Halafu sasisha programu ya simu, kwa kuwa ruhusa za mtandao mara nyingi huja na sasisho. Kwenye Android nyingi, kupiga *#*#4636#*#* hufungua ukurasa wa taarifa za simu, na hali ya IMS (mfumo unaobeba simu za VoLTE) ikionyesha haijasajiliwa, mara nyingi tatizo liko kwenye akaunti au modeli, si kwenye mnara.

Dukani usiulize "mna 4G?" Watajibu ndiyo. Wape namba kamili ya modeli kutoka kwenye mipangilio na uulize kama hiyo hasa inapata VoLTE kwa laini ya malipo ya kabla. Uliza pia kama maongezi ya VoLTE hukatwa kwenye dakika au kwenye bando la data; kwa kawaida ni dakika, lakini lithibitishwe. Kampuni ndogo zinazokodi minara ya wengine ziulize mara mbili, kwani nyingine hazina VoLTE ingawa mwenye minara anayo.

Ukishaamua kuhama, nunua laini mpya au eSIM (laini isiyo na kadi) ya muda, ifanyie kipimo kwa wiki nzima, ndipo uhamishe namba yako. Laini ya zamani usiifunge mwenyewe kabla ya uhamisho kukamilika: namba iliyofungwa haihamishiki.