Kebo za siriali Mwanza: ipi ununue, ipi umrudishie muuzaji palepale

Malalamiko yanayonifikia yanafanana mpaka yanachosha. Mtu ana kompyuta ya zamani yenye tundu la pini tisa nyuma, lile la siriali linalopitisha data kwa foleni, ameshuka Makoroboi, amenunua kebo, imeingia vizuri kabisa. Printa inachapa mistari ya kwanza safi, kisha inaanza kumeza herufi. Msomaji wa Sengerema kanitumia picha ya orodha yake ya bei: juu imeandikwa "Sangara", chini kidogo "Sngr", chini zaidi mstari mzima haupo. Anauliza kama printa imekufa. Printa nzima hiyo, kaka. Tatizo ni kebo.

Urefu, rangi, plagi kung'aa kama dhahabu, hayo utaamua mwenyewe. Mimi nauliza swali moja: ndani ya hilo ganda zimo waya ngapi? Pini tisa unazoziona nje hazikuhakikishii waya tisa. Kebo nyingi za madukani zina tatu tu: pini ya 2 inayopokea, ya 3 inayotuma, na ya 5 ambayo ni ardhi. Kwa maandishi machache yanayopita polepole zinatosha. Kwa printa nyingi hazitoshi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde kompyuta inamwaga herufi kama 960 kila sekunde, na printa nyingi za nukta (dot matrix) hazifiki hata nusu ya hapo. Ghala lake dogo la kumbukumbu likijaa, lazima ipate namna ya kusema "subiri". Kusema huko mara nyingi kuna waya wake, na waya wenyewe ndio waliobania.

Kuna mchezo mbaya zaidi. Mtengenezaji anaunganisha pini ya 7 na ya 8 ndani ya plagi hiyo hiyo. Kompyuta inauliza "nitume?" kwa pini ya 7, na jibu la "tuma" linarudi papo hapo kwenye ya 8, limetoka kwake yenyewe. Printa haikuulizwa kitu. Kwa hiyo nenda dukani na mita yako ya umeme (multimeter). Iweke kwenye mlio, ule unaolia waya zikiungana, gusa 7 na 8 za plagi moja. Ikilia, rudisha kebo mezani. Isipolia, gusa 7 ya upande huu na 8 ya upande wa pili. Kwenye kebo ya pini tisa kila upande, iliyopishanishwa kweli (ya kutuma ya upande huu inafika kwenye ya kupokea ya upande wa pili), hapo ndipo inapotakiwa ilie.

Sasa chaguo zangu.

Namba moja ni adapta ya USB, kwa kompyuta isiyo na tundu la pini tisa, yenye chipu ya kampuni ya FTDI, pamoja na kebo ya kuunga mwenyewe. Ndiyo, nawapendelea hawa watu wa Glasgow, na sioni haya. Najua mwaka 2014 draiva yao ya Windows (programu inayoendesha chipu) ilizima chipu bandia mpaka watu wakapiga kelele dunia nzima. Hata hivyo adapta zao nzuri zinatoa waya zote za kuambizana "subiri" na "tuma", na kompyuta inazitambua bila kubembelezwa. Kebo unanunua plagi mbili tupu na kipande cha waya wa nyuzi nyingi, unalehemu jioni moja. Kama printa ni Epson ya pini 25, kumbuka nyingi husema "subiri" kwa pini ya 20. Ipeleke kwenye ya 8 ya kompyuta. Data ni 3 kwenda 3 na 2 kwenda 2, maana kwenye pini 25 namba hizo zimegeuzwa, na ardhi ni 5 kwenda 7. Wengi wanakwama hapo, wanapishanisha kitu ambacho tayari kimepishana.

Namba mbili ni kebo nene za ofisini zilizotumika, zile za kijivu kutoka kwenye modemu za zamani. Wauza kompyuta chakavu hawajui thamani yake. Nyingi zimenyooka pini kwa pini na waya zote zimo, kwa hiyo unapishanisha waya za upande mmoja tu.

Namba tatu ni kebo mpya iliyopishanishwa tayari, ikifaulu mita. Isipofaulu haina namba.

Adapta za USB zenye chipu ya CH340 ni za bei rahisi na zinafanya kazi. Nyingine hazina waya za kutosha. Zenye chipu za PL2303 za zamani zinakataliwa na draiva mpya za Windows, hata zile halali.

Mwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, asome hapa mara mbili: tundu lake la nyuma linatumia volti 5, wakati siriali ya kawaida inaweza kwenda hadi 15 juu na 15 chini ya sifuri. Usichomeke moja kwa moja, utaua chipu. Nunua kibadilishi cha volti chenye chipu ya MAX232 kwanza. Wenye BBC Micro, kompyuta nyingine ya zama hizo, plagi yenu ya siriali ya pini tano inaingia hata ikiwa juu chini. Ya katikati inabaki mahali pake, nne nyingine zinahama. Yangu nimeitia nukta ya rangi ya kucha upande wa juu.

Kuhusu bei, jamani. Duka moja la Barabara ya Nyerere nilitajiwa bei, nikasema ni ya kompyuta ya zamani, bei ikapanda nikiwa nimesimama palepale. "Dada, hizo hazipatikani, mzigo unatoka Kariakoo." Nilipotoa mita akaniambia nikifungua pakiti nimenunua, akanionyesha muhuri wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo ninunue nisichoruhusiwa kukipima, na nikishakipima nisikirudishe! Siku hizi nakwenda tu kwa fundi anayeniachia kebo na stuli, nipime mpaka niridhike. Akiniongezea elfu mbili juu, nalipa.