Mshahara Ukisimama: Sacco au Mkopo wa Simu?

Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa 2024 ulikwenda siku 56. Muda wote huo mwenye nyumba anadai kodi na shule inadai karo. Mgomaji atakopa wapi?

Simu ina kasi. M-Shwari, huduma ya mikopo ya M-Pesa, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30: ukichukua shilingi 10,000, unadaiwa 10,750, ushuru kando. Mwezi ukipita hujalipa, ada inarudi tena. Kinachoniuma zaidi ni ule upweke. Hakuna mwenzako anayejua unavyozama, na siku ukirejea kazini kimyakimya wataona umewasaliti, kumbe ni deni lililokurudisha.

Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo cha wanachama, ni nafuu sana; nyingi hutoza takriban asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu. Ila marejesho hukatwa kwenye mshahara, na mshahara ukizuiwa, makato nayo yanakwama. Wadhamini wako ni akina nani? Ni wenzako wa wodi ileile, nao hawajalipwa. Ukishindwa, akiba zao ndizo zinazoguswa.

Hata hivyo mimi nasimama na sacco, mradi uwahi. Andika barua ya kuomba mkopo upangwe upya kabla hujakosa awamu ya kwanza, na uwaarifu wadhamini wako siku hiyohiyo. Afadhali mwende ofisini pamoja. Mkopo wa simu uwe wa unga na nauli tu, tena ule unaojua utakapotoa pesa za kuulipa.