Marfaa ya Mbambakofi kutoka Karakana ya Lamu

Niliagiza marfaa ya kuwekea msahafu katika karakana moja ya seremala upande wa Langoni, mjini Lamu, na baada ya wiki tatu nilikabidhiwa kazi inayostahili sifa. Imetolewa katika ubao mmoja wa mbambakofi, uliopasuliwa katikati ya unene wake na kuachiwa meno yanayoshikana, hivyo hufunguka na kufungika bila bawaba, bila msumari na bila tone la gundi. Jino moja likivunjika wakati wa kuchonga, ubao wote ni kuni.

Lawama yangu ni ya orodha ya bei, iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, ambamo neno carve limebebeshwa kila kazi. Kwa wenyewe neno hilo ni pana: huchonga sanamu, huandika jina juu ya jiwe, hukata nyama ya kuoka mezani, na hata mataifa yanayogawana nchi za watu husemwa kwa neno hilo hilo. Kwetu fundi hutenganisha. Kuchonga ni kupunguza mti hadi umbo litokee. Kunakshi ni kuupamba uso wake kwa patasi, kama mawaridi ya mfaa wa mlango. Kukereza ni kuuzungusha mti kwenye keezo huku chombo kikiukwangua. Mgeni aliyekuwa mbele yangu alilipia miguu ya kiti kwa bei ya nakshi, kumbe ilikuwa imekerezwa. (Kuchonga kwetu nako si kwembamba, maana twachonga penseli na mtumbwi kwa kitenzi kimoja, lakini hakuna auzaye penseli kwa bei ya mtumbwi.)

Hata pete za shaba za kubishia hodi zimo chini ya neno hilo, ilhali shaba iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu, na kazi hiyo huitwa kusubu. Ndiyo tofauti ya siwa, yaani baragumu kubwa la sherehe, ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba.

Nilipomweleza mwenye karakana, alicheka, kisha akaniandikia stakabadhi kwa Kiswahili: kuchonga, kiasi fulani; kunakshi ukingo, kiasi fulani. Anayeagiza na aombe hivyo hivyo, na akague msasa kabla ya kulipa, kwani ukingo wa kushoto wa marfaa yangu bado unakwaruza vidole.